Mkwe Aliyepewa Kitanda Changu

Mama Odile, muuguzi anayefundisha wanafunzi katika wadi nilimolazwa, aliniomba niende kwenye shule yao ya uuguzi niwaeleze vijana yaliyonipata. Nilimjibu kwamba mimi hata sokoni huwa natuma mtu. Wengine huwekwa ndani na ugonjwa. Mimi nilikuwa ndani kwa hiari yangu tangu nilipoolewa, na ugonjwa uliponijia ulinikuta nimekaa, ukaona kazi yake ni nyepesi. Basi tukakubaliana: sitakwenda kuzungumza, nitaandika. Sekondari nilimaliza, kalamu naijua, na meza yangu iko karibu na jiko. Kama unasoma haya ukiwa umelala chali hospitalini, au umesimama kando ya aliyelala chali, nimekuandikia wewe.

Yalianza na mgongo, mvua za kwanza ziliposhuka. Mume wangu, Tata Mujinga, yaani baba wa binti yetu Mujinga, ambaye anachomelea milango na mageti, aliniangalia nikijishika kiuno akasema, "Mugongo imechoka kukaa." Nikacheka. Tuliendelea kucheka mpaka nikaanza kulala nimekaa, kwa sababu kulala chini kulikuwa kama kulalia kisu. Nikapakwa mafuta na wamama wa kanisa. Nikameza vidonge vya maumivu vya kila rangi. Mwishowe nikapelekwa hospitalini hapa Kolwezi, mimi ambaye lupango langu, ua wa nyumba yangu, nilikuwa silivuki.

Baraza ya kungojea ni nchi yake yenyewe. Unakaa kwenye benchi kati ya kijana mchimbaji aliyefungwa mkono kwa kipande cha ubao na mwanamke aliyekuja na termosi kana kwamba anahamia. Kila mlango ukifunguliwa, wote mnainua vichwa. Unaitwa, unachomwa kidole, unarudi kwenye benchi, unakuta nafasi yako imepoa. Mara tatu nilirudi nyumbani na karatasi ya kurudi tena. Mara ya nne sikurudi, kwa sababu nilipotaka kuinuka kutoka kwenye lile benchi, mimi niliinuka lakini miguu haikuja.

Ilikuwa kifua kikuu, kilichoingia kwenye mfupa wa mgongo. "Lakini mi sikohoe," nilimwambia daktari, kama mtu anayeshtakiwa kwa kosa la jirani. Alisema dawa ni za miezi mingi, na kwa sasa nilale bila kukaa wala kusimama, mgongo upumzike. Vidonge vile viligeuza mkojo wangu rangi ya fanta. Niliuona kwenye mfuko, maana walikuwa wameniwekea mpira wa mkojo, na hiyo ndiyo ilikuwa habari pekee niliyopata kutoka sehemu ile. Kuanzia kitovuni kushuka chini sikuwa nasikia kitu. Nilikuwa kama mtu aliyeazima miguu ya mwingine na kusahau kuirudisha.

Kitanda changu kilikuwa karibu na dirisha. Jirani yangu, Mama Zaina, alikuwa amevunjika paja. Mume wake ana malori, na ukoo wao wa Waislamu ulitoka upande wa Kasongo, zamani za babu zao. Alikuwa na sauti ya kuuzia vitambaa ng'ambo ya barabara, na moyo mwema unaolingana na sauti hiyo. Alinipa tende zake, nikampa habari za watu wa mtaani kwangu, ambao hawajui hata leo kwamba wanajulikana mpaka Kasongo.

Huku kwetu muuguzi hawezi kufanya yote. Kila mgonjwa huja na mtu wake wa kumpikia, kumwosha na kumgeuza. Wangu alikuwa Mujinga, binti yangu wa kwanza. Kazi ya kumwosha mwanamke mgonjwa ingekuwa ya dada yake, lakini dada yangu ameolewa Musumba, na msimu huo mvua zilikuwa zimeifanya barabara kuwa tope tupu. Mujinga aliagizwa anigeuze kila saa mbili: ubavu wa kulia, mgongo, ubavu wa kushoto. Alinigeuza. Lakini ubavu wa kushoto unaangalia ukuta na kumpa Mama Zaina mgongo, wa kulia unachosha bega, na mazungumzo yetu yalikuwa matamu. Kwa hiyo akishageuka kwenda kuchota maji, nilimwomba mpita njia yeyote anirudishe chali. Na kikwembe, kitenge changu cha kujifunga, nilikifunga kiunoni kama gunia la makaa. Mtoto hamfunui mama yake. Nilijipangusa mwenyewe chini ya nguo, pale mkono ulipofika.

Baada ya mwaka mpya wakaja wanafunzi wa uuguzi, wale tunaowaita wastajeri, wamevaa makoti meupe yenye mikunjo ya pasi. Mama Odile aliwagawia wagonjwa. Kila mmoja alipewa kitanda kimoja cha kufuata msimu mzima: amchunguze mgonjwa, aandike mpango wa matunzo, aufuate, na mwishoni ahukumiwe kwa huyo. Mgonjwa wako ndiye mtihani wako.

"Kitanda ya dirisha," akasema Mama Odile, "Ilunga."

Kijana akasogea, akaniona, akaangalia dari. Mimi nikaangalia ukuta. Mama Zaina akatuangalia sisi sote wawili.

Ilunga alikuwa amekuja nyumbani kwetu miezi michache kabla, na wajomba zake na kreti za vinywaji, kumwomba Mujinga. Tulikuwa tumekubali. Mahari haikuwa imemalizika, harusi haikuwa na siku, lakini kuanzia jioni ile alikuwa mkwe wangu. Kwetu Mutshatsha, nilikozaliwa, mkwe na mama mkwe hawaangaliani machoni. Hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Mwili wa mama mkwe hautajwi hata kwa mzaha, na sasa walikuwa wamempa mkwe wangu mwili huo auandikie mpango.

Angeweza kusema. Ningeweza kusema. Lakini wagonjwa walikuwa wameshagawanywa, naye angelazimika kueleza kwa nini anaukataa mtihani wake. Mimi niliogopa nikisema, watasema Mama Mujinga ameanza kumsumbua mkwe hata kabla hajaoa. Basi tulinyamaza wote wawili, kwa adabu.

Asubuhi ya kwanza Ilunga alisimama mguuni pa kitanda, uso dirishani.

"Mama Zaina," akasema, "muulize mama kama amelala muzuri."

Mama Zaina akanigeukia. "Anauliza kama umelala muzuri."

"Mwambie nimelala muzuri."

"Anasema amelala muzuri. Na miye je? Miye haunaniulizake?"

Ikawa hivyo kila siku. Watu wawili wanaoongea Kiswahili kilekile, na mkalimani katikati mwenye mguu unaoning'inia. Joto la mwili lilipitia kwa Mama Zaina. Choo kilipitia kwa Mama Zaina, kwa sauti yake ile, wadi nzima ikasikia. Na mwishoni kila asubuhi: "Muulize mama kama ngozi ya nyuma iko muzima."

"Iko muzima," nilisema.

Sijui nilijuaje. Sikuwa na macho huko na sikuwa nasikia kitu huko. Nilijibu kama unavyojibu salamu. Naye Ilunga aliandika kwamba ngozi iko nzima, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Harufu ilianza mvua zilipokuwa kali zaidi. Kwanza nilidhani ni ndoo. Mujinga naye alidhani ni ndoo, akaisugua. Kisha nikadhani ni kikwembe, tukabadilisha. Mwishowe nikajua ni mimi, na badala ya kuuliza ni nini, nikaagiza poda ya watoto na malimau. Nilijipaka mpaka nikawa na harufu ya mtoto mchanga aliyeangukia kwenye achari. Homa ikapanda. Wakapima malaria, hakuna. Chakula kikawa kama udongo mdomoni. Nilikonda mashavu, na Mama Zaina akaacha kunichekesha. Mtu anayekupenda akiacha kukuchekesha, jua anaona kitu.

Asubuhi moja mvua ikipiga mabati, Ilunga hakusimama mguuni pa kitanda. Alikuja kando yangu.

"Mama," akasema. Kwangu mimi, moja kwa moja. "Leo nitaangalia mugongo."

"Mwambie Mama Zaina," nikasema.

"Mama Zaina hana mugongo yako."

Nikauangalia ukuta. "Mutoto, ukifungua hiki kikwembe, Mujinga haumwoe. Nasema mi mama yake."

Kisha nikasikia viatu vyake vikienda mlangoni.

"Ameenda," nikamwambia Mama Zaina.

"Ameenda," akasema. "Umeshinda, Mama Mujinga. Sasa acha nikuambie, juu nilinyamaza ya kutosha. Hii harufu naisikiaka tangu siku mingi. Nilisema nikikuambia, nitakuhaibisha. Nilisema labda ni dawa za kwenu."

Kwa hiyo tulikuwa watatu. Kila mmoja aliona, au alinusa, au alihisi. Kila mmoja alinyamaza kwa kumheshimu mwenzake.

Ilunga alirudi na Mama Odile, na nyuma yao wastajeri wenzake wote, maana ilikuwa saa ya kuzunguka vitanda. Alisimama wima kama mtoto anayesoma shairi shuleni.

"Mama Odile, huyu ni mama-mukwe wangu. Tangu nimemupokea sijaona mugongo yake hata mara moja. Niliandika ngozi iko muzima. Nilidanganya. Munitoe kwake, lakini mumuangalie. Leo, si kesho."

Nilitaka kitanda kinimeze. Mama Odile hakupiga kelele. Aliwatoa wavulana nje, akazungusha pazia, akanawa mikono, akaita wasichana wawili. Walinigeuza ubavu, na kikwembe changu, nilichokilinda kama benki, kikafunguliwa kwa kuvuta mara moja.

Mama Odile akamtuma msichana mmoja alete taa.

"Kuko nini?" nikauliza.

"Kuko shimo, mama," akasema Mama Odile.

Palikuwa juu kidogo ya matako, pale mfupa unapokaribia ngozi. Walisema ngumi ya mtoto ingeingia. Kingo zilikuwa nyeusi. Katika mji huu watu wamechimba madini mpaka chini ya vyumba vyao vya kulala. Kule mtaa wa Kasulo unaweza kuwasikia wachimbaji chini ya meza yako ya chakula. Mimi nilikaa nyumbani kwangu miaka yote nikiwacheka, na sasa nilikuwa nimechimbiwa langu mwenyewe, na sikusikia hata sururu.

Mama Odile aliwaita wavulana warudi baada ya kunifunika. "Muliniletea karatasi muzuri," aliwaambia, polepole. "Mugonjwa anaoza chini yake. Na mi njo niliweka sahihi, mi mwenyewe." Akanigeukia. "Mama, utusamehe. Lakini weye pia, ukilala hapa, hauko mama-mukwe wa muntu. Uko ngozi, damu na mufupa. Hivyo njo tutachunga. Heshima utaikuta ku mulango siku ya kutoka."

Walikata nyama iliyokufa siku hiyohiyo. Watu huniuliza kama niliumia. Sikusikia kitu, na hilo ndilo lililonitisha. Nilisikia mkasi kwa masikio tu, kana kwamba mshonaji anakata kitambaa chumba cha pili. Daktari alimwambia mume wangu mlangoni, akidhani sisikii, kwamba kidonda kikifika kwenye mfupa, tuache kuzungumza habari za kutembea. Tata Mujinga, ambaye moto wa kuchomelea haujawahi kumtoa machozi, alikaa kwenye ukingo wa kitanda na kunishika kidole kikubwa cha mguu. Sikuhisi mkono wake. Nilimwona tu.

Sasa sikiliza mambo ya nyumbani. Ilunga aliambiwa atarudia mwaka. Upande wa mume wangu nao walikaa kikao. Kijana ametaja mwili wa mama mkwe wake mbele ya kundi la watu. Wengine walidai mbuzi. Wengine walisema vinywaji virudishwe na maneno yaishe.

Mujinga alikuja na sahani ya sombe, kisamvu chetu, akaiweka, hakunilisha.

"Mama, ulitaka kufa juu ya kikwembe?"

"Usiseme na mi vile."

"Nasema vile. Nilikuwa nakugeuza, weye unajirudisha. Nilitaka kukuosha, unanifukuza. Muntu mumoja amesema ukweli, njo huyo banamulipisha mbuzi?"

Nilimwambia ana adabu mbaya. Akasema adabu nzuri tumeshaiona, ina harufu. Kisha akalia, akanigeuza upande wa ukuta, na safari hii nikabaki upande wa ukuta.

Mume wangu akaja baadaye. "Wazee banakungojea weye. Weye njo muntu bamekosea heshima. Unasema nini?"

Niliwaza sana nikiangalia rangi inayobanduka ukutani, maana nilikuwa na nafasi. Kwetu kuna siku ambayo haya ile inaondolewa. Mama mkwe anampikia mkwe wake kuku na bukari, ugali wetu, anamlisha tonge kwa mkono wake mbele ya wazee, na kuanzia hapo wanaweza kukaa chumba kimoja kama watu. Hufanywa muda mrefu baada ya harusi, mara nyingi mtoto wa kwanza akishazaliwa.

"Muleteni kuku," nikasema.

"Harusi haiyafika."

"Na kidonda kimefika. Muleteni kuku."

Ikafanyika katika ua wa hospitali, wanapopikia ndugu za wagonjwa. Mujinga alipika, kisha chungu kikaletwa kando ya kitanda ili nitie chumvi kwa mkono wangu, nikiwa nimelala ubavu. Nusu iliingia chunguni, nusu kwenye shuka. Mjomba mmoja alinung'unika kwamba tunafanya mambo juu chini. Nilimwambia mambo yangu yote yako juu chini tangu mvua za kwanza, hili moja halitamuua. Ilunga akapiga magoti. Nilikata tonge, nikachovya, nikamwekea mdomoni. Alitafuna huku machozi yakishuka, na Mama Zaina akatangaza kwa wadi nzima, "Amekula! Amekula!", mkalimani mpaka dakika ya mwisho.

Nilitoka mvua zilipoisha. Baridi ya kiangazi ilikuwa imeanza, ile ya asubuhi zenye vumbi la malori juu ya kila jani. Kidonda kilitoka nami, chekundu na safi, bado chenye kina. Mtaani kwetu hakuna muuguzi, kwa hiyo kila siku baada ya masomo Ilunga alikuja kukiosha na kukifunga. Tata Mujinga alikaa mlangoni akiangalia nje, kwa ajili ya majirani. Ilunga alinawa mikono kabla na baada, hata nilipomwambia maji ni ya kununua. Aliangalia visigino, nyonga, mabega, mpaka nyuma ya masikio. "Sehemu zote zenye mfupa," alisema. Hakuniuliza tena kama niko mzima. Aliangalia.

Kwa ninyi mnaovaa makoti meupe, hilo ndilo jambo langu pekee. Mgonjwa atakudanganya. Si kwa ubaya. Atakudanganya kwa sababu umri wako ni wa mwanawe, kwa sababu amechoka, kwa sababu umemsalimu vizuri. Mwombe ruhusa, zungusha pazia, umwangalie. Kama kuna haya kati yenu, sema mapema, apewe mwingine. Na wewe uliyelala: nawe nisikilize. Nguo yako unayoilinda, mdudu haiheshimu.

Nilikunywa vidonge mpaka mvua nyingine zikaja. Kidole kikubwa cha mguu kilianza kujikunja, Mujinga akapiga kelele kana kwamba nimejifungua. Mume wangu alinitengenezea fremu ya kutembelea kutokana na mabaki ya geti, na kwa kuwa ni fundi mwenye majivuno, akaacha yale maua ya chuma mbele. Ni nzito kama geti lenyewe. Nilisimama nayo, kwanza muda wa kupika chai, kisha muda wa kupika maharage. Harusi ilifanyika nikiwa nimesimama, angalau wakati wa picha.

Kidonda ndicho kilichochelewa. Kilipungua taratibu, kikawa kama sarafu, kikawa kama punje ya mahindi. Ilikuwa asubuhi, Mujinga anachemsha maji jikoni, Ilunga aliponitoa bandeji na kuinama nyuma yangu.

"Imefunga," akasema.

"Uko hakika, ama unaandika tu?"

Mlangoni Tata Mujinga alikohoa kuficha kicheko. Nilidhani nimemwumiza kijana. Lakini na yeye alicheka, kicheko cha mtu aliyekuwa akingojea aambiwe neno hilo siku moja ili liishe.

"Mama," akasema, "weka mukono mwenyewe."

Nilipeleka mkono nyuma, taratibu, nikapita kiuno, nikashuka mpaka pale. Palikuwa laini, pamebonyea kidogo. Kidole changu kilihisi ngozi. Na ngozi, kwa mara ya kwanza tangu lile benchi, ilihisi kidole.